Bunduki Iliyotumika Bila Kufyatuliwa

Katika chumba cha moteli huko Florida, mtu mmoja aliyesafiri kutoka Tennessee kufuata kokeini alifungua mfuko mweusi wa turubai, akatoa bunduki aina ya MAC-10 na kumwonyesha mgeni aliyejitambulisha kuwa mwenye duka la vitu vya rehani. Bunduki ilikuwa imerekebishwa ili ifyatue mfululizo, na bunduki za namna hiyo huweza kutoa zaidi ya risasi 1,000 kwa dakika moja. Mgeni aliikagua, akauliza bei. Mwenye bunduki hakutaka fedha. Alitaka wakia mbili za kokeini. Mgeni alijibu kwamba yeye hauzi dawa za kulevya lakini angejaribu kuzipata, akaondoka akiahidi kurudi ndani ya saa moja.

Mgeni yule alikuwa askari kanzu.

Hakuna aliyeelekezewa mtutu ndani ya chumba kile, hakuna risasi iliyotoka, na hata mabadilishano yenyewe hayakukamilika. Pamoja na hayo, mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji sita dhidi ya watatu, kwamba mtu huyo, ambaye kesi yake inajulikana kwa jina la Smith, alikuwa "ameitumia" bunduki wakati wa kosa la dawa za kulevya na kuhusiana na kosa hilo. Sheria iliyohusika iliongeza kifungo cha miaka 5 kwa yeyote anayetumia au kubeba silaha katika kosa la namna hiyo, na ikiwa silaha ni ya kufyatua mfululizo au imefungwa kizuia sauti, kifungo cha nyongeza kilikuwa miaka 30.

Miaka 30 ilining'inia kwenye neno "use", yaani kutumia, ambalo mtoto anayejifunza Kiingereza hukutana nalo kabla hajamaliza shule ya msingi.

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, sehemu kubwa zaidi ya nyaraka hizo imekuwa ya kisheria. Niliifungua hukumu ya Smith nikitafuta jambo jingine kabisa, dogo, la istilahi. Nikaisoma hadi mwisho, nikasoma maoni ya waliopinga, kisha kwa wiki kadhaa sikuweza kuandika "kutumia" katika tafsiri yoyote bila kusita.

Kamusi haikatai kitu

Wapenzi wa lugha hufurahia kuhesabu maana za maneno. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, alipokipitia upya kitenzi "run" alikipatia maana 645, na taarifa hiyo ilisambaa mwaka 2011 kama habari ya maajabu. Mimi hesabu hizo hazinisumbui sana. Mtu anayezungumza hachagui miongoni mwa maana 645. Anayo moja tu kichwani, na anayemsikiliza kwa kawaida huipata mara moja. Shida huanza pale neno linapotengwa na wazungumzaji wake na kuwekwa mbele ya watu wenye kamusi mezani na mamlaka ya kufunga watu gerezani.

Jaji Sandra Day O'Connor, aliyeandika hukumu ya wengi, alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: alifungua kamusi. Katika ile ya Webster alikuta kwamba "use" ni kukifanya kitu kikutumikie, au kukiajiri kwa jambo fulani. Katika kamusi ya sheria ya Black alikuta maelezo yanayofanana na hayo, pamoja na kutimiza kusudi kwa njia ya kitu. Akaongeza kesi ya mwaka 1884, iliyohusu ushuru wa forodha kwenye nguo za msafiri aliyerudi kutoka Ulaya, ambamo neno hilohilo lilikuwa limefafanuliwa kwa upana uleule. Smith alitaka kupata kokeini, na bunduki ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuipata. Kwa hiyo aliitumia.

Hoja hiyo haina ufa unaoonekana haraka. Ndiyo maana niliikubali nilipoisoma mara ya kwanza, nikaona ajabu kwamba majaji watatu waliikataa.

Tena O'Connor hakutegemea kamusi peke yake. Kifungu kinachofuata katika sheria ileile, kinachohusu silaha kutaifishwa, kinataja silaha "zilizotumika" au zilizokusudiwa kutumika katika orodha ya makosa, na baadhi ya makosa hayo ni ya biashara tu: kuuza silaha bila leseni, kwa mfano, au kuzisafirisha isivyo halali. Katika makosa hayo bunduki ni bidhaa na haimtishi mtu. Kama Bunge la Marekani liliandika "use" pale likiwa na maana inayohusisha bidhaa, aliuliza, kwa nini tuseme kwamba mistari michache juu yake neno hilohilo lina maana finyu? Nimetafsiri mikataba ya kutosha kujua uzito wa swali hilo. Mteja akiona neno moja limegeuzwa maneno mawili katika waraka mmoja, atapiga simu kabla ya kufika ukurasa wa tatu.

Bakora iliyoning'inizwa ukumbini

Jaji Antonin Scalia aliandika upinzani akiungwa mkono na majaji Stevens na Souter, na mfano wake umekuwa maarufu katika vyuo vya sheria. Mtu akikuuliza iwapo unatumia bakora, alisema, hataki kujua kama umeitundika ukumbini bakora ya babu yako yenye mpini wa fedha. Anataka kujua kama unatembea kwa kuiegemea. Kusema "kutumia bunduki" ni kusema kuitumia kwa kazi yake, yaani kama silaha. Shahidi aliyewahi kumuuzia mkusanyaji wa vitu vya kale bunduki ya Enfield aliyoachiwa na babu yake, kisha akaulizwa chini ya kiapo kama aliwahi kutumia bunduki, akijibu hapana hawezi kuhukumiwa kwa kusema uongo.

Mfano wa shahidi ndio ulionigeuza. Hapo hatuulizwi tena neno linaweza kubeba nini. Tunaulizwa kama mtu mkweli, anayeogopa adhabu ya kiapo, angelazimika kujibu ndiyo, na sidhani kama kuna mzungumzaji wa Kiingereza ambaye angejibu hivyo.

Scalia alidai kwamba wenzake hawatofautishi kati ya namna neno linavyoweza kutumiwa na namna linavyotumiwa kwa kawaida. Ni lawama kali, na kwa sehemu si ya haki, kwa sababu O'Connor alijua kwamba tafsiri yake ni pana. Alikubali hata kwamba mtu anayejikuna kichwa kwa bunduki huenda akasemwa kuwa ameitumia, akaeleza kwamba mtu huyo hatafungwa kwa kosa hili kwa kuwa kutuliza muwasho hakuhusiani na biashara ya dawa. Yaani mlango aliuacha wazi, kisha akaweka mlinzi: maneno "kuhusiana na".

Sikuweza kuamua nani yuko sahihi. Mfano wa bakora ulinishawishi kila niliposoma upinzani. Nikirudi kwenye hukumu ya wengi, nilikuta kwamba bakora ileile huweza kuvunja dirisha, na hakuna atakayebisha ukisema kwamba mwizi alitumia bakora ya babu yako kuvunja dirisha. Mfano wa Scalia unamezwa na sentensi moja ya gazeti. Basi ulikuwa na nguvu gani?

Utatumia nini?

Jibu nililipata mahali ambapo sikulitafuta. Ukiingia hotelini Dar es Salaam au Tanga, ukavuta kiti, mhudumu atakusogelea na kuuliza: "Karibu, utatumia nini?" Hakuna mgeni anayejibu kwamba atatumia kiti. Mtu ambaye sigara na pombe vimemshinda atasema "Mimi situmii," bila kutaja kitu chochote, na mwenyeji ataondoa chupa mezani. Mama akisema kwa sauti ya chini kwamba kijana wa fulani siku hizi "anatumia", wote waliopo wanajua kwamba hasemi juu ya miwani wala vidonge vya presha. Pesa ya matumizi ni ya unga, mafuta na nauli, ingawa fedha zote duniani zipo ili zitumike.

Kitenzi hiki, katika Kiswahili kama katika Kiingereza, hakina nyama yake chenyewe. Kinamwachia msikilizaji kazi ya kujaza kusudi. Msemaji akilitaja kusudi, jambo limekwisha: ametumia bakora kuvunja dirisha, ametumia bunduki kununulia kokeini, ametumia kitabu kuzuia mlango usifunge. Asipolitaja, msikilizaji hulijaza mwenyewe, na hulijaza kwa kazi ambayo kitu hicho kinajulikana nayo. Anatumia miwani: anasomea au anaonea. Anatumia kitabu fulani: anasomea au anafundishia, hazuii mlango.

Sheria ya Marekani haikutaja kusudi. Iliandika "anatumia silaha" na kuishia hapo.

Kwa hiyo O'Connor na Scalia hawakuwa wakisoma sentensi moja. O'Connor alikuwa tayari anajua mazingira ya moteli, akajaza kusudi kutoka humo, na sentensi yake ikawa kweli: Smith alitumia bunduki kupata kokeini. Scalia aliisoma sentensi kama ilivyoandikwa, kabla Smith hajazaliwa ndani yake, akaijaza kama msikilizaji yeyote anavyoijaza. Ukiniuliza nani nimfuate pale kifungo kinapohusika, ninamfuata Scalia, kwa sababu anayetakiwa kuielewa sheria ya jinai kabla ya kutenda ni msikilizaji, na yeye hana mazingira ya kesi. Hana chochote isipokuwa maneno. Ipo pia kanuni ya zamani, ambayo upinzani uliitaja, kwamba sheria ya jinai ikiwa na utata, utata huo umnufaishe mshtakiwa. Wengi waliona hakuna utata wa kutosha kuifikia kanuni hiyo. Majaji sita kwa watatu, wote wazungumzaji wa Kiingereza tangu kuzaliwa, wanagombana juu ya neno la silabi moja, na bado hakuna utata.

Jambo hili limebadilisha namna ninavyofanya kazi. Nikikuta kwenye waraka wa Kiingereza "use" iliyo uchi, siku hizi ninamuuliza mwenye waraka: kwa kazi gani? Mara nyingi anashangaa, kisha anapiga simu kwa mtu mwingine, kisha siku mbili zinapita.

Bunduki katika sanduku

Mahakama ililirudia neno hilo Desemba 1995, katika kesi ya Bailey iliyounganishwa na ya mshtakiwa mwingine. Bailey alisimamishwa na polisi jijini Washington kwa sababu gari lake halikuwa na kibao cha namba cha mbele. Kokeini ilikutwa kwenye sehemu ya abiria, na bastola ilikuwa ndani ya mfuko kwenye buti. Katika kesi ya pili, bastola ndogo isiyo na risasi ilikuwa ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, ndani ya kabati la chumba cha kulala. Mahakama ya rufani ilikuwa imeona kwamba silaha "imetumika" ikiwa iko karibu na inafikika kwa urahisi.

Safari hii majaji wote tisa walikubaliana, na aliyeandika alikuwa O'Connor yuleyule. Kutumia, alisema, kunahitaji kuishughulisha silaha: kuipunga, kuionyesha, kuibadilisha kwa kitu, kumpiga mtu nayo, kuifyatua au kujaribu kuifyatua. Kuihifadhi tu hakutoshi. Tena akatoa sentensi ambayo ninaipenda kuliko zote katika kesi hizi, ya mtu anayesema: ninatumia bunduki kulinda nyumba yangu, lakini sijawahi kulazimika kuitumia. Sentensi ni moja na neno limekaa mara mbili, kila mara likiwa na maana yake, wala msikilizaji haoni mgongano.

Niliisoma sentensi hiyo nikajiuliza ilikuwa wapi miaka miwili nyuma. Kama neno linaweza kubadilika ndani ya sentensi moja, basi hoja ya kwamba lazima liwe na maana moja katika vifungu viwili vya sheria imepungua nguvu, na aliyeipunguza ni mwenyewe aliyeijenga. Lakini "kuibadilisha kwa kitu" ilibaki kwenye orodha, na kwa hiyo Smith alibaki pale alipokuwa.

Neno la pili

Waendesha mashtaka walipobanwa kwenye "kutumia", walihamia kwenye neno lililo kando yake, "carry", yaani kubeba. Mwaka 1998, katika kesi ya Muscarello, swali lilikuwa kama mtu anabeba bunduki ikiwa iko kwenye droo ya dashibodi iliyofungwa kwa ufunguo au kwenye buti ya gari analoliendesha. Walishinda kwa majaji watano dhidi ya wanne.

Jaji Stephen Breyer alianzia kwenye asili ya neno katika Kilatini, ambako linahusiana na gari la kukokotwa, akapitia kamusi ya Oxford, Biblia ya Mfalme James na riwaya za zamani, kisha akatafuta kwenye hazina za magazeti sentensi zinazokutanisha kubeba, gari na silaha. Alizipata kwa maelfu, na katika sampuli aliona kwamba nyingi, huenda zaidi ya theluthi moja, zilikuwa na maana aliyoitaka. Jaji Ruth Bader Ginsburg, akiwaandikia wanne waliopinga, alijibu kwa kutaja pia mhusika wa tamthilia ya televisheni anayekataa kubeba bunduki huku akiorodhesha mambo mengine yote anayoweza "kuyabeba" kwa Kiingereza, hadi vitabu na wimbo.

Hapa sina msimamo thabiti kama kwenye neno la kwanza. Kwetu dereva wa bodaboda anabeba abiria, na akipakia mishikaki tunasema amebeba watatu, ingawa hakuna aliye mgongoni mwake kwa maana ya mbeleko. Breyer angefurahi. Lakini ukisema dereva huyo amebeba bastola, kila mtu kijiweni ataangalia kiuno chake, hakuna atakayeangalia chini ya kiti. Kitenzi ni kimoja na dereva ni yuleyule. Kilichobadilika ni kitu kinachobebwa, na kitu hicho ndicho kinachoamua kama mkono na mwili vinahusika. Theluthi moja ya sentensi za magazeti haiwezi kulionyesha jambo hilo, kwa kuwa sentensi hizo zilichaguliwa zikiwa tayari na neno gari ndani yake. Kusudi limejazwa na mtafutaji kabla ya kutafuta.

Aliyetoa na aliyepokea

Bunge la Marekani halikungoja. Novemba 1998 liliongeza kwenye kifungu kosa la kumiliki silaha kwa ajili ya kuendeleza kosa la dawa za kulevya, na kwa wengi waliotazama ubishi huu ilionekana kama umekwisha.

Haukuisha. Mwaka 2007 ilifika kesi ya Watson, mtu wa Louisiana aliyetoa vidonge 24 vya dawa ya maumivu aina ya OxyContin na kupokea bastola kutoka kwa askari kanzu. Ni moteli ya Florida iliyogeuzwa: safari hii mshtakiwa ndiye mwenye dawa, na bunduki ni ya serikali. Serikali ilidai kwamba naye "aliitumia" bunduki kwa kuipokea, kwa kuwa kubadilishana kuna pande mbili na bunduki ilishiriki katika zote. Jaji David Souter, mmoja wa wale watatu waliopinga mwaka 1993, aliandika kwamba serikali inaweza kusema hivyo lakini hakuna mwingine atakayesema. Mtoto anayetoa tofaa ili apewe kitafunio cha granola, alieleza, ametumia tofaa. Ukisema ametumia granola, msikilizaji hataweza kujua kipi kilikwenda wapi.

Ni hoja ya msikilizaji, ileile iliyoshindwa kwenye kesi ya Smith, sasa imeshinda bila jaji hata mmoja kupinga. Souter hakuitengua Smith. Aliikuta, akaipita pembeni. Ginsburg alikubali matokeo lakini akaandika peke yake kwamba haoni mantiki ya kumwadhibu anayetoa bunduki kupata dawa na kumwachia anayetoa dawa kupata bunduki, na kwamba yeye angeitengua Smith kabisa. Mwaka 1993 hakuwamo: aliapishwa Agosti, na hukumu ilikuwa imetolewa Juni.

Hukumu ya Smith haijatenguliwa hadi leo. Anayeingia na bunduki katika chumba cha kubadilishana ametumia silaha, na anayetoka nayo hakuitumia. Kwa huyo wa pili kuna lile neno lililoongezwa mwaka 1998, "possess", yaani kumiliki, ambalo katika Watson Mahakama ililitaja na kuliacha bila kuamua kama linamfikia, na ambalo katika kamusi ya Black lina maelezo yake marefu.